Ngiri ya tumbo baada ya kuungua: miezi ya kungoja upasuaji, na namna ya kuitumia

Mimi ni fundi cherehani wa Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Udaktari sijausomea. Haya nimeyajua kwa kumuuguza mume wangu mwaka mzima na zaidi, na kwa kuuliza maswali mpaka daktari akiniona na daftari langu anavuta kiti kwanza. Namwandikia yule aliyeambiwa "nendeni nyumbani, mtarudi baada ya miezi kadhaa tutengeneze ngiri," akatoka mlangoni hajui afanye nini katika hiyo miezi kadhaa. Sisi miezi mitatu ya mwanzo tuliipoteza tukidhani kungoja ni kukaa.

Kwanza jina. Watu wa pwani ukiwatajia ngiri wanafikiria mshipa, mambo ya wanaume, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye chupa ya mizizi. Nililetewa dawa za ngiri za aina nne, moja na shemeji yangu kutoka Pangani, na zote nilizishukuru nikaziweka juu ya kabati. Ngiri ninayoisema hapa ni tundu ukutani. Zile nyama mbili zinazosimama kama mbao kulia na kushoto kwa kitovu zimeachana, na utumbo umetokeza katikati ukiwa umefunikwa na ngozi tupu. Hakuna mzizi unaoshona.

Inatokeaje kwa mtu aliyeungua? Mume wangu, Baba Zuhura, ni fundi wa mashine za boti. Alikuwa anamimina petroli kutoka kwenye dumu, ufukweni, na jiko la mama lishe lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka uukute moto, halafu moto unarudi kwako. Akaungua miguu, mikono, mgongo na mbavu, asilimia 45 ya mwili. Mtu aliyeungua kiasi hicho asipopewa maji mengi kwa dripu hufa. Madaktari wana hesabu yao: mililita 4 mara kilo za mgonjwa mara asilimia iliyoungua. Yeye alikuwa na kilo 64, kwa hiyo mililita 11,520 kwa saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa 8 tangu aungue. Lakini mishipa ya damu ya mtu aliyeungua inavuja. Maji yale yale yanayomwokoa yanatoka nje ya mishipa, yanajaa kwenye utumbo na kuta za tumbo, na tumbo linakazana kama ngoma iliyowambwa. Mkojo ukakatika, na mashine ya kupumulia ikawa inasukuma hewa kwa shida. Wakapima mgandamizo kupitia mpira wa mkojo. Ukipita milimita 20 za zebaki na viungo vinaanza kugoma, dawa ya mwisho ni kulipasua tumbo katikati na kuliacha wazi lipumue.

Likakaa wazi wiki kadhaa, na nyama zikajivuta pembeni, zikakataa kukutana tena. Mwishowe walichukua ngozi ya paja wakaipandikiza juu ya utumbo wenyewe. Ndivyo alivyorudi nyumbani: mzima, na tumbo lenye kitu mfano wa nusu tikiti kinachotikisika akicheka. Sikuelewa wakati ule kwamba ngiri hiyo waliipanga. Walichagua roho kwanza, ukuta baadaye.

Kwa nini wanakungojesha

Ngozi ile ya kupandikiza mwanzoni inashikamana na utumbo. Daktari akiingia mapema, kila anapotenganisha anaweza kutoboa utumbo, na utumbo ukitoboka kinyesi kinavuja ndani. Kwa kawaida hungoja miezi 6 hadi 12. Muda huo makovu yanalainika, na ngozi inaachana na kilicho chini yake.

Kipimo chenyewe nilikifurahia kwa sababu ndicho ninachofanya dukani kila siku. Mteja akileta koti la zamani, nalifinya kwa vidole viwili nijue kama kitambaa cha juu kimegandana na bitana. Daktari alifinya ngozi ya tumbo la Baba Zuhura vivyo hivyo. Mwezi wa tano wa kungoja iliinuka pamoja na kitu kizito chini yake, akatikisa kichwa. Mwezi wa kumi na moja ikainuka peke yake, nyepesi. Akasema, "Sasa tuzungumze tarehe." Wewe nyumbani usifinyefinye kila siku kujipima, unaichubua bure. Ngoja kliniki.

Mkanda

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Mkanda hauponyi ngiri wala hauzuii tundu kupanuka moja kwa moja. Unampa mtu mgongo ulionyooka na hatua za kutembea, na unapunguza kule kuvutwa anakokusikia akisimama. Muulize daktari kwanza kama mgonjwa wako anaruhusiwa. Penye kidonda kibichi usifungwe.

Mikanda ya dukani ilimchubua. Nikashona wake. Alilala chali, tumbo likarudi ndani lenyewe, ndipo nikapima mzunguko kwenye kitovu. Ukimpima amesimama utashona mkanda wa kubeba ngiri, si wa kuituliza. Upana sentimita 25, kutoka chini ya mbavu hadi juu ya nyonga. Ukipanda juu ya mbavu atashindwa kupumua. Mbele nilitumia marekani tabaka mbili, mbavuni lastiki pana, na kufunga kwa velkro ili aweze kulegeza mwenyewe baada ya kula. Mishono yote niliigeuza nje. Inaonekana vibaya, lakini ngozi ya kupandikiza ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na mshono wa ndani utaikata ndani ya siku mbili. Nilishona miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uko mwilini.

Kila asubuhi afungwe akiwa amelala, kabla hajasimama. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Usiku unavuliwa. Ukivuliwa, tazama ngozi kwenye mwanga: doa jekundu lisilopotea baada ya nusu saa maana yake unabana. Na tafadhali usiweke kitu kigumu juu ya tundu ili kulizuia. Nimemwona mzee mmoja kliniki ameweka kifuu cha nazi kilichofungwa kwa leso. Chini yake ngozi ilishaanza kuoza.

Chakula, na hesabu yake

Mwili uliotoka kwenye moto umekula nyama zake wenyewe. Baba Zuhura alifika kilo 51. Mshono haushiki kwenye mwili usio na akiba, na daktari hatakupa tarehe mgonjwa akiwa mifupa au akiwa na upungufu wa damu. Tuliambiwa gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya uzito tunaoutaka. Kilo 64, basi gramu 96 kwa siku.

Gramu 96 zilinitisha mpaka nilipoziweka kwenye sahani. Mayai matatu, gramu 18. Dagaa wakavu konzi mbili ndogo, kama gramu 50, wanatoa gramu 30 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Kipande cha samaki cha gramu 150, 30 na ushee. Imetimia, na nyama ya ng'ombe haijaguswa. Siku samaki wakiwa ghali, dagaa wanaongezwa. Dagaa niliwasaga nikawatia kwenye mchuzi wa nazi, maana alichoka kuwaona macho yao. Machungwa ya Muheza kwa msimu wake, na papai kila siku, kwa sababu ngiri na choo kigumu havikai nyumba moja: kila anapojikamua chooni, tundu linasukumwa. Maji, mchicha, papai.

Kosa letu lilikuwa upande wa pili. Alipoanza kula vizuri akanogewa, chapati na chai ya maziwa mara nne kwa siku, na mimi furaha. Tumbo likijaa mafuta ndani, utumbo unakosa pa kurudi. Nilikuja kugundua kwa futi yangu: kiuno kiliongezeka sentimita 6 kwa mwezi mmoja. Tangu hapo nikampima kila Ijumaa baada ya sala na kuandika. Kama mgonjwa wako ana sukari, hilo ndilo la kwanza kabla ya yote haya. Sukari iliyo juu inaleta usaha kwenye kidonda, na upasuaji utaahirishwa mpaka ishuke.

Sigara na kifua

Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na ugoro vilevile. Tumbaku inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi yenye makovu tayari ina mishipa michache. Baba Zuhura alijaribu kuomba moja ya asubuhi. Daktari hakugombana naye, alifunga faili tu, akasema, "Ukiwa tayari, utaniambia." Njiani hatukusemezana. Aliacha wiki ile.

Kifua kinahitaji mazoezi kwa sababu hii: utumbo uliokaa nje mwaka mzima ukirudishwa ndani kwa siku moja, unasukuma mapafu juu. Ngiri ikiwa kubwa sana, madaktari husema tumbo limepoteza nafasi yake, na mgonjwa anaweza kushindwa kupumua baada ya kufungwa. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha chupa: chupa ya maji ya lita moja na nusu, maji yafike kimo cha sentimita 10, mpira mwembamba uzame hadi chini. Vuta hewa puani taratibu, pulizia kwenye mpira viputo vitoke mfululizo. Pumzi kumi, mara nne au tano kwa siku. Maji yabadilishwe kila siku na chupa ioshwe. Zuhura alikuwa anahesabu viputo na kumshtaki babake kwa kudanganya.

Na atembee. Tulianza mpaka msikitini na kurudi, tukamaliza kwa kushuka hadi Bustani ya Jamhuri kutazama bahari. Baiskeli, ambayo kwa mtu wa Tanga ni kama miguu, aliisimamisha ukutani. Kupanda peke yake pengine si neno, ila yeye hajui kupanda bila kubeba kitu nyuma.

Ngozi ya kupandikiza haina vinyweleo wala mafuta yake, inakauka na kuwasha hadi mtu anajikuna usingizini. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara tatu kwa siku, kucha fupi, na kivuli. Mchubuko mmoja tu kabla ya upasuaji unaweza kuahirisha tarehe, kwa sababu vijidudu vya kwenye kidonda vikiingia kwenye neti, ule wavu wa plastiki unaowekwa ndani kuimarisha ukuta wa tumbo, neti huenda ikabidi itolewe.

Usingoje asubuhi

Uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu na haurudi ndani akilala. Maumivu yanayozidi. Kutapika. Hakuna choo wala ushuzi. Ngozi ya juu kubadilika rangi. Mojawapo ya haya ikitokea, utumbo huenda umenaswa na kukosa damu, na ukikosa damu kwa saa chache unakufa. Usikande, usisukume kwa nguvu, usimpe chakula wala dawa ya kuharisha. Hospitali, hata saa nane usiku, hata kwa bodaboda. Sisi ilitupata mwezi wa saba wa kungoja, baada ya futari ya mihogo iliyozidi. Alikaa siku mbili na mpira puani na dripu mkononi, utumbo ukafunguka wenyewe. Tangu siku ile nauli ya usiku inakaa kwenye kopo la vifungo.

Wanachofanya mle ndani

Nililazimisha nielezwe, na nawe lazimisha. Picha ya CT ilionyesha pengo la sentimita 14. Huwezi kuvuta kingo mbili zilizoachana sentimita 14 ukazishona kwa nguvu. Kila fundi anajua mshono unaovutwa unapasuka kando ya uzi. Unatafuta kitambaa cha akiba. Ukuta wa tumbo pembeni una nyama za tabaka tatu. Ukiachia tabaka moja, mbili zilizobaki zinateleza kuelekea katikati, kama gauni unalofumua pindo za ubavuni ili kifua kipate upana. Njia hiyo aliiandika daktari Oscar Ramirez mwaka 1990: analiachia tabaka la nje, na kiunoni anaweza kupata hadi sentimita 10 kila upande.

Ila ili kulifikia tabaka la nje lazima uinue ngozi kwa upana, ukate mishipa midogo inayoilisha. Kwa mtu mwenye ngozi nzima, sawa. Kwa mtu ambaye mbavu zake ni kovu la moto, ngozi hiyo inaweza kufa ikaachia kidonda. Nikauliza: kwa nini msifumulie upande wa bitana? Daktari alicheka, akaniambia ndiyo, wapo wanaofumulia upande wa bitana. Yuri Novitsky na wenzake waliieleza mwaka 2012: unaingia nyuma ya zile nyama mbili za katikati, unaliachia tabaka la ndani kabisa, na ngozi ya nje huigusi. Hiyo ndiyo waliyomfanyia. Ukimpeleka mtu wako, uliza: mtaachia tabaka lipi, na ngozi yake ya ubavuni itavumilia?

Uliza pia neti itakaa wapi. Neti ni ya polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na ile ya kufumia viroba, ila ni safi na ina matundu ili nyama iote kupita katikati yake. Inalazwa kati ya tabaka, kama gamu ndani ya kola. Ikigusana na utumbo inaweza kushikamana nao na kuutoboa, kwa hiyo lazima pawe na tabaka la mwili kati yake na utumbo. Ngozi ile ya kupandikiza iliyofunika utumbo hutolewa. Kwa hiyo swali la tatu: ngozi ya kufunika katikati itatosha? Isipotosha, wengine huwekewa kwanza mfuko chini ya ngozi nzima, unajazwa maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka ngozi inatanuka. Yeye ilitosha, kwa bahati tu.

La nne: kitanda cha wagonjwa mahututi kipo siku hiyo? Sisi mara ya kwanza tulifika Dar es Salaam kwa upasuaji, mgonjwa hajala, tukaambiwa kitanda hakuna, turudi wiki mbili baadaye. Ile safari ya bure iliniuma kuliko bili. Piga simu jana yake. Na damu: wapange ndugu wawili au watatu wa kuchangia mapema, wasiwe wote wale wanaojificha mkiitaja sindano.

Siku zenyewe

Upasuaji wake ulichukua saa sita, kwa nusu kaputi. Alitoka na mipira miwili ubavuni inayovuta majimaji. Usiitoe wala usiikunje. Andika kila siku imetoa kiasi gani na rangi gani. Majimaji kuwa mekundu hafifu kisha ya manjano ndiyo kawaida. Yakigeuka ya kijani au yakanuka, mwite sista papo hapo.

Kesho yake alisimamishwa. Nilidhani wanamtesa. Kumbe kulala tu ndiko kunakoleta nimonia na damu kuganda miguuni. Mpe mto aukumbatie tumboni kila anapotaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, na wageni wenye vichekesho wapangwe wiki ya pili. Chupa ya viputo inarudi kazini siku ile ile.

Nyumbani, wiki 6 hadi 8 asibebe kitu kinachozidi kilo 5. Watu hawaelewi uzito mpaka uwatajie vyombo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili ni kilo 12 hivi. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa, wa kilo 6, ukijumlisha chuma chake unapita kilo 10. Sisi tulimwekea alama: kisichozidi kindoo cha lita 5. Kwenda msalani usiku ageuke ubavu kwanza, asukume kwa mkono, asiinuke chali kama mtu aliyeshtushwa. Swala ya kiti mpaka daktari aseme vingine. Homa, wekundu unaotambaa, usaha, au uvimbe wenye majimaji chini ya mshono, mrudishe. Majimaji mara nyingi hunyonywa kwa sindano au huachwa yakauke, lakini aamue mwenye macho ya kazi hiyo, na si wewe na sindano ya dukani.

Mkanda wa zamani usiutumie baada ya upasuaji. Kiuno kimebadilika na utamkunja vibaya. Pima upya amelala, sehemu zile zile. Wa kwanza wa Baba Zuhura niliufumua mwezi uliopita. Marekani imekuwa kitambaa cha kupigia pasi, na lastiki yake iko kwenye sketi ya shule ya Zuhura.